Siku ya Kuipima Ng'wandoya

Saa tatu asubuhi Selestine, afisa takwimu wa wilaya, aliegesha pikipiki ya ofisi kando ya nguzo ya umeme ya Kasubuya, akaweka begani bomba la plastiki lililoviringishwa, akaanza kupanda ngazi za kwenda Ng'wandoya. Ngazi zenyewe ni za udongo. Zilichimbwa na wanawake wa Ng'wandoya kwa majembe yaleyale ya kulimia pamba, na kila msimu huongezwa vidato, kwa kuwa kata yao bado inapanda. Selestine alipumzika njiani mara mbili, maana alikuwa mtu wa mezani na tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia. Alipofika juu alipiga hodi nyumba ya kwanza, kwa Bernadina, ambaye watu wote humwita Mama Bartholomeo kwa jina la mwanawe, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka, mayu. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekuja kutupima?"

"Nimekuja kuwapima."

"Ndoo ile pale. Ubakize ya kuku."

Selestine alimimina maji kwenye bomba, akatia wino mwekundu ili yaonekane, akaligonga kwa kidole mpaka mapovu yote yakatoka. Kifaa hicho mafundi ujenzi wanakiita pimamaji. Fundi akitaka kujua kama pembe mbili za nyumba ziko usawa mmoja, hunyoosha bomba lenye maji kati yake, akaangalia maji yamesimama wapi kila upande. Selestine alifanya vivyo hivyo, ila yeye alipima kata. Bernadina alishika ncha ya juu kizingitini kwake. Selestine aliteremka na ncha ya pili, akaegemeza ngazi ya mbao kwenye nguzo ya umeme, akapanda nayo mpaka maji yakatulia.

Zamani kazi hii aliifanya kwa kuuliza watu. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kuuliza nani amelala hapa, na watu walikuwa wakimjibu wanavyojisikia. Kisha dhahabu ikaonekana Kasubuya. Kata hizo mbili hutenganishwa na kijito, na siku hizo darajani ungeweza kubiringisha gurudumu la baiskeli kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupanda wala kushuka. Vijana wa Ng'wandoya walianza kuvuka na sururu zao. Wakafuata waliooa, wakafuata wauza chapati, wakafuata wanakwaya wa sauti ya nne. Kasubuya ikaanza kuzama na Ng'wandoya ikaanza kuinuka, kama sahani mbili za mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Wakuu wa Selestine waliona jambo hilo limerahisisha kazi, wakafuta posho ya kuhesabu watu na kumpa bomba.

Ardhi haikujali kilo. Watu wa Ng'wandoya walishalijaribu hilo mapema, wakasomba mawe ya mlimani na kuyarundika uwanja wa shule, na kata haikushuka hata kidogo. Ilikuwa inahesabu vichwa. Alipohama muuza nyama, mtu aliyekuwa akikalia viti viwili, kata ilipanda kwa unene wa sarafu. Alipohama mtoto wa mgongoni ilipanda kwa unene uleule. Selestine, ambaye macho yake yalikuwa yamezoea, aliweza kusoma sarafu moja moja kwenye bomba, na hilo ndilo jambo pekee alilojivunia mbele ya mkewe.

Maisha yaliendelea. Kasubuya, kwa kuwa ilikuwa imezama, wachimbaji walifurahi kwamba dhahabu imesogea karibu, na duara, yaani shimo la mchimbaji, halihitaji tena kina kirefu. Mvua ikinyesha Ng'wandoya, maji yote yaliteremka Kasubuya yakajaza madimbwi ya kuoshea mchanga. Kisima cha Ng'wandoya kilirefushiwa kamba kila mwaka, na kuku wakajifunza kulala mapema kwa sababu ya upepo. Ofisini Selestine alikuwa na chati ukutani. Kwenye chati mstari wa Kasubuya ulikuwa unapanda na wa Ng'wandoya unashuka, kinyume kabisa cha ardhi yenyewe, na wageni waliotoka mkoani walipofika waliiamini chati.

"Yako kwenye meno!" Selestine alipiga kelele kutoka nguzoni.

Bernadina aliisikia sauti hiyo na kujua maana yake. Kwenye nguzo ile pamepigiliwa kibati cha HATARI chenye picha ya fuvu la mtu. Kwa mujibu wa mwongozo wa wilaya, huduma hufuata watu, na maji yakivuka fuvu, kata husika imepungua mno kustahili muuguzi. Mwaka juzi maji yalikuwa chini ya kibati. Sasa yalikuwa kwenye meno, na kipimo cha mwisho cha mwaka wa fedha kilikuwa mwezi unaofuata. Kila wiki kulikuwa na kijana anayefunga godoro lake kwa kamba na kuteremka.

Ndani ya nyumba ya Bernadina alikuwamo Dorah, mke wa Bartholomeo, na tumbo lake lilikuwa limeshaonekana. Lilikuwa la pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa siku ambayo Klara, muuguzi wa pekee wa Ng'wandoya, alikuwa Geita kwenye semina ya uzazi salama, na mtoto huyo hakulia. Klara aliporudi na cheti chake alikaa na Dorah mchana kutwa. Tangu hapo Dorah hakuogopa kitu kingine chochote duniani. Fisi hakumwogopa, wala umaskini, wala Bartholomeo kukaa machimboni Bugarama miezi bila kuja. Aliogopa tu kuamka na kuona mlango wa zahanati umefungwa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alitoka uani kuutazama.

"Mama," alimwambia Bernadina siku ile, "yakivuka macho nitafanya nini?"

"Hayavuki," alisema Bernadina, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo.

Mkutano ulifanyika mbele ya zahanati. Walikuwa wanawake, wazee, na mbuzi waliokuja kwa hiari yao. Mwenyekiti wa kijiji alieleza kwamba wanahitaji watu, na wanawahitaji kwa siku moja tu, siku ya kipimo. Mmoja akashauri waitwe kwa harusi. Ikaonekana kwamba watu wa machimboni siku hizi hutuma salamu za harusi kwa simu na wao wenyewe hawaji. Mwingine akashauri sikukuu ya kijiji, na hakuna aliyejisumbua kumjibu. Ndipo Bernadina alipokohoa.

"Msiba," alisema. "Msibani wanakuja."

Hakuna aliyebisha. Katika nchi ile mtu anaweza kumkimbia mke, akabadili dini na akasahau jina la mjomba wake, lakini msibani atakuja. Asiyekuja hutozwa mbuzi, na siku yake ikifika atatafuta wa kumzika asimpate.

"Sasa atakufa nani?" aliuliza mwenyekiti.

Wazee walitazamana. Mzee mmoja alisema angekufa yeye, ila wanawe ni wawili tu na mmoja wamegombana. Katekista alisema kwake ingeleta maswali parokiani. Mwishowe macho yote yalimrudia Bernadina, na walikuwa na haki. Kwa miaka mingi alikuwa ndiye mpishi wa misiba ya kata nzima. Hapakuwa na familia ambayo hakuisongea ugali siku ya kilio chao, kwenye sufuria lake kubwa linalobebwa na watu wawili. Kwa kila mtu aliyehamia Kasubuya, Kahama au Buzwagi, kulikuwa na marehemu mmoja ambaye Bernadina alimlilia kwa sauti. Asingekosekana hata mmoja.

"Haya," alisema Bernadina. "Nitakufa. Lakini nani atasonga ugali?"

Simu zilipigwa siku moja kabla ya kipimo. Watu walianza kufika kulipopambazuka. Walikuja kwa pikipiki, kwa malori ya mawe, kwa miguu kupitia mashambani, wanawake wamejifunga khanga viunoni na vilio tayari kooni. Kadiri walivyopanda ngazi ndivyo Ng'wandoya ilivyoshuka, vidato vikawa vinamezwa na ardhi kimoja kimoja, hata waliokuja mwishomwisho hawakupanda chochote. Saa nne daraja lilikuwa limenyooka. Kisimani maji yalipanda mpaka usawa wa mkono, na wanawake wakachota kwa bakuli bila kuuliza. Upande wa pili Kasubuya iliinuka, madimbwi yake yakakauka, na makarasha ya kusagia mawe yakanyamaza kwa kukosa wa kuyalisha.

Selestine alifika na bomba lake, akakuta halina kazi. Maji yalisimama kwenye kisigino cha nguzo, pale mbwa wanapokojoa. Aliandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, alivuka daraja kwenda kutoa pole.

Alimkuta Bernadina uani ameshika mwiko. Alikuwa amelala chumbani kwa subira tangu alfajiri, amefunikwa shuka jeupe, akitafuna karanga. Lakini alipochungulia dirishani na kuona wasichana wanavyousonga ugali wenye mabonge, uvumilivu ulimshinda, akaamka.

"Pole kwa msiba, mayu," alisema Selestine.

"Asante, baba. Nimeshapoa."

Selestine hakuona tatizo. Pimamaji haiulizi watu wamekuja kwa sababu gani. Aliletewa sahani, akala, akasifu mlenda.

Waombolezaji ndio walionuna. Walikuwa wametumia nauli na machozi. Hata hivyo walikuwa wameshafika, ugali ulikuwa umeiva, na ndugu walikuwa hawajaonana muda mrefu, kwa hiyo walikaa. Aliyeshindwa kukaa ni Bartholomeo. Aliingia uani akiwa na tope la duara hadi magotini, kiatu kimoja kimepotea njiani, macho yamevimba, akamkuta mama yake anaonja chumvi.

"Mama?"

"Karibu, mwanangu. Dorah, mletee mumeo maji ya kunawa."

"Nimelia kutoka Bugarama mpaka hapa," alisema Bartholomeo. "Njia nzima. Kwenye lori, mbele za watu."

"Ilikuwa kwa ajili ya muuguzi, Batho. Kwa ajili ya mkeo huyu."

"Msinifanyie hivi tena."

Alisema polepole. Bernadina alitaka kumshika mkono akaona wake umejaa unga. Dorah alimletea maji, naye akanawa, akagusa tumbo la mkewe kidogo kwa nyuma ya kiganja, akala akiwa amewapa wote mgongo. Jioni tanga lilianuliwa, kwa kuwa hapakuwa na la kusubiri, na watu wakaondoka. Ng'wandoya ikainuka taratibu kama unga uliotiwa hamira. Waliochelewa kuaga ilibidi waruke.

Usiku huo Dorah alilala vizuri. Maji yalikuwa kwenye kisigino cha nguzo na Selestine alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, yakiletwa na Selestine mwenyewe. Alipanda ngazi zote, ambazo zilikuwa zimerudi na kuzidi, akakaa kwenye kigoda na kupangusa jasho.

"Kata yenu imeongoza wilaya nzima kwa ongezeko," alisema. "Imezipita kata zote za dhahabu. Mkubwa wangu amechora mstari kuendeleza mwenendo huo, na kufikia mwakani mtakuwa mmeipita Kahama mjini."

"Wabeja," alishukuru Bernadina. "Kwa hiyo Klara anabaki."

Selestine alitazama viatu vyake.

"Mwongozo umebadilika, mayu. Wa zamani ulisema huduma zifuate watu. Huu mpya umetoka wiki ileile ya kipimo. Unasema huduma zipelekwe mahali ambako watu wanapungua, ili wasiendelee kuondoka. Siku ile mlipojaa ninyi, Kasubuya ilipungua vibaya sana. Haijawahi kupungua vile."

"Ilipungua kwa sababu watu wake walikuwa wanakula kwangu."

"Ndiyo. Hilo halina safu yake kwenye fomu."

"Na kama tusingewaita?"

Selestine alifikiri kwa uaminifu. "Kama msingewaita, maji yangekuwa yamevuka fuvu, na muuguzi angekwenda Kasubuya kwa mwongozo wa zamani."

Bernadina alicheka, kicheko kifupi cha hasira, akainuka kwenda kufukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Alitamani kumsukuma Selestine aviringike ngazi zote mpaka chini na bomba lake shingoni. Badala yake alimpa maji ya kunywa, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Klara aliteremka Jumatatu moja, miezi miwili baadaye. Kitanda cha kujifungulia kilimtangulia, kimebebwa na vijana waliotumwa kutoka chini, kisha mizani ya watoto, kisha kabati la dawa. Alimpa Dorah glovu mbili ndani ya mfuko wa nailoni na kumwonya.

"Usingoje uchungu. Shuka mapema ukae karibu yangu."

"Nitakaa wapi, dada Klara? Huko chini chumba kinalaliwa kwa zamu."

"Kwa Saroj. Nimeshaongea naye."

Saroj alikuwa na duka la vifaa Kasubuya. Babu wa mumewe alilifungua Ng'wandoya enzi za kituo cha kununulia pamba, na Saroj mwenyewe alizaa watoto wake wote juu kule, akajifunza Kisukuma kisimani. Wateja walipohama alihama nao. Sasa kila mwaka hukata mlango wa duka upande wa juu, kwa sababu wa chini umeshazama, na huuza sururu, kamba na mabomba ya plastiki ya kila unene. Alikuwa ameondoa mabomba kwenye chumba cha stoo ili Dorah alale humo kuanzia Jumamosi.

Uchungu ulianza Alhamisi, Dorah akiwa shambani anachuma pamba. Ilikuwa pia siku ya kipimo cha robo mwaka. Bomba la Selestine lilikuwa limeshanyooshwa kando ya ngazi, ncha yake ya juu imefungwa kizingitini kwa Bernadina, na Selestine mwenyewe alikuwa juu ya ngazi yake ya mbao, nguzoni, anasubiri maji yatulie. Yalitulia juu kidogo ya fuvu.

Wanawake walimlaza Dorah kwenye kitanda cha kamba na kuanza kuteremka. Bernadina alitangulia kinyumenyume, akishika miguu ya kitanda, akihisi kila kidato kwa kisigino kabla ya kukanyaga. Vidato vya juu vilikuwa vya zamani na kingo zake zimelika. Katikati Dorah alisema wamweke chini. Bernadina alimwambia avumilie, Klara yuko palepale, anaonekana, ameshaanza kupanda na mfuko wake. Dorah alisema tena wamweke chini, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuomba.

Nguzoni, Selestine aliona maji yanashuka kwa unene wa sarafu. Ng'wandoya ilikuwa imeongezeka mtu mmoja. Alitabasamu, akachomoa kalamu mfukoni. Akaona ni vyema angoje maji yatulie kwanza, kama kanuni inavyotaka. Maji yalikaa hivyo kwa muda, muda wa kutosha mwanamke kupanda nusu ya ngazi zile akikimbia. Kisha yakapanda tena, unene uleule, yakarudi pale yalipokuwa.

Selestine aliandika: Hakuna badiliko.

Klara aliwafikia akiwa hana pumzi. Alifanya yote aliyofundishwa Geita, juu ya kidato cha udongo, na mikono yake ikawa myekundu mpaka kwenye viwiko. Mtoto alikuwa wa kike na alikuwa analia kwa nguvu zote. Dorah alikuwa amemsikia. Wanawake wote waliokuwapo wanakubaliana juu ya hilo, kwamba alimsikia, kwa kuwa aligeuza uso upande wa sauti. Bernadina alivua khanga yake, akamfunga mjukuu kifuani, akawaambia wenzake wageuze kitanda. Hapakuwa na sababu tena ya kwenda chini.

Kisha alikaa uani akapiga simu Bugarama.

"Batho. Mkeo amefariki."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa karasha, na kicheko.

"Leo mnapimwa?" aliuliza Bartholomeo.

Bernadina hakuwa mwongo. Alikuwa amesema uongo mmoja tu mkubwa maishani, na ulikuwa wa kata nzima.

"Ndiyo," alisema. "Leo tumepimwa. Lakini Batho, sikiliza..."

"Mwambie nampa pole. Na akishamaliza kufa aangalie ugali usiwe na mabonge."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyekwisha kusamehe. Bernadina alipiga tena na simu ikaita tu, kwa sababu mwanawe alikuwa ameshuka duarani, na duarani hakuna mtandao. Aliwapigia wengine. Wa Kahama walisema msiba wa nyumba hiyo walishahudhuria mwaka huu. Wa Kasubuya, ambao kutoka kwenye maduara yao wangeweza kuuona moshi wa jiko lake, walisema safari hii watatuma salamu. Mmoja aliuliza kama kutakuwa na mlenda.

Dorah alizikwa kesho yake na wanawake, wazee, Klara, na Saroj, ambaye alifunga duka na kupanda ngazi zote kwa magoti yake mabovu akiwa na sanda kwapani. Kaburi walichimba wenyewe. Ardhi ya Ng'wandoya ni ngumu tangu ilipoanza kupanda, imekauka mpaka ndani, na wazee walipokezana sururu tangu asubuhi mpaka jua likavuka utosi. Waliposimama kuvuta pumzi waliwasikia, huko chini, wanaume wenye nguvu wa kata nzima wakichimba.

Kwa kuwa Bernadina alikuwa mfiwa, hakuruhusiwa kupika. Ugali ulikuwa na mabonge na watu waliula hivyohivyo.

Bartholomeo alikuja Jumapili. Hakuna aliyempigia tena. Alijua tu kwamba siku za mkewe zimekaribia, akaomba ruhusa kwa mwenye duara, akanunua nguo za mtoto, sukari, na beseni la bluu. Alipita dukani kwa Saroj kuchukua sabuni, akalikuta limefungwa, kwa kuwa Saroj alikuwa kwenye matanga. Alipanda akipiga miluzi. Aliingia uani na beseni kichwani akaita kwa utani, kwa sauti kubwa, "Hodi hapa! Marehemu yuko wapi?"

Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka waliinamisha vichwa. Bernadina alitoka ndani na mtoto. Bartholomeo alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akatazama nyuma ya nyumba, ambako udongo mwekundu ulikuwa bado mbichi. Hakulia. Machozi yake yalikuwa yameshatumika kwenye lori, kwa mtu aliyekuwa hai. Aliketi chini na beseni mapajani na kukaa hivyo mpaka giza, na siku zote alizokaa pale Ng'wandoya ilikuwa chini kwa unene wa sarafu. Tanga lilipoanuliwa alirudi Bugarama, kwani maziwa ya kopo yana bei, na kata ikapanda kama ilivyokuwa.

Selestine alirudi kipimo kilichofuata. Alipiga hodi nyumba ya kwanza.

"Ng'wangaluka, mayu. Shikamoo. Nimeleta habari njema."

"Marahaba."

"Mnakumbuka kipimo kile cha Alhamisi? Fomu ya robo mwaka huuliza badiliko la siku ile tu, na ofisini wamefurahi sana. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, Ng'wandoya haikupungua wala kuongezeka. Mstari umenyooka. Mkubwa wangu ameutolea mfano mbele ya wageni. Amesema mmetulia."

Bernadina alimwangalia. Alikuwa na mjukuu mgongoni, aliyeitwa Dorah kwa kuwa jina lilikuwa limebaki bila mtu. Nyuma yake, ng'ambo ya uwanja, mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa kwa waya, na mbuzi walikuwa wamelala kwenye kizingiti chake.

"Na muuguzi?" aliuliza.

"Muuguzi ni kwa kata zinazopungua, mayu. Ninyi hampungui."

Mtoto alianza kulia, na Bernadina akajitikisa kidogo kumbembeleza. Kisima kilikuwa mbali sana chini siku hizi, na ndoo aliyokuwa nayo ilikuwa ya siku nzima, ya kupikia na ya kumwogeshea mtoto. Alimwonyesha Selestine ilipo. Selestine alijaza bomba lake, akatia wino mwekundu, akaligonga mpaka mapovu yakatoka, akamkabidhi ncha ya juu na kuteremka na nyingine. Bernadina aliishika kizingitini kwa mikono miwili bila kuitikisa, mtoto akiwa analia mgongoni, na maji yakasimama palepale.